Saa za kazi ni zipi? Majibu kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini

Barua nyingi zilizotufikia safari hii, kuanzia Tunduma hadi Iringa mjini, zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: saa za kazi zinahesabiwaje? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Sheria tunayoitumia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inawahusu waajiriwa wa Tanzania Bara, vibarua wakiwamo, isipokuwa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT. Mishahara tuliyoitaja ni ya mfano, tumeichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Nauza duka la nguo Mwanjelwa. Tunafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 1 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Bosi anasema saa za kazi ni saa za duka kuwa wazi, na mshahara wa shilingi 273,000 umeshabeba yote. Ni kweli? – Muuza duka, Mbeya

Si kweli, dada. Saa za duka kuwa wazi ni mipango ya mwenye duka na wateja wake. Saa zako za kazi ni muda ambao wewe uko chini ya amri yake, unauza au unasubiri mteja.

Kifungu cha 19 kimeweka mipaka minne, na yote hufuatwa kwa pamoja. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku. Zisizidi 45 kwa wiki. Siku za kazi zisizidi 6 kwa wiki. Na hata ukiongeza ovataimu, usivuke saa 12 kwa siku, uwe umekubali au hukukubali. Kosa linalojirudia ni kuangalia mpaka wa siku tu. Mtu anayefanya saa 9 kwa siku 6 anafikisha saa 54, kwa hiyo ana saa 9 za ziada kila wiki, ingawa hakuna siku hata moja aliyovuka mpaka.

Kwako wewe, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku ni saa 11. Ukitoa saa moja ya chakula zinabaki 10, mara siku 6 ni 60, maana yake una ovataimu ya saa 15 kila wiki. Kupata thamani ya saa moja, gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa 45. Ukitaka njia ya mkato, gawa kwa 195. Posho za nauli, chakula au nyumba haziingii kwenye hesabu hiyo. Shilingi 273,000 kwa 195 ni 1,400. Ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 2,100, na saa 15 zinafika 31,500 kwa wiki.

Sasa rudi kwenye ile saa ya chakula. Sheria inasema anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Muda huo haulipwi, ila kama umetakiwa kufanya kazi au kukaa tayari kwa kazi. Ukila wali nyuma ya kaunta huku unachungulia mlangoni, hujapumzika. Wiki yako inakuwa ya saa 66, ovataimu inapanda hadi 21, na malipo yanakuwa 44,100.

Kauli kwamba mshahara umebeba yote haisimami, kwa sababu mshahara wa msingi, kwa tafsiri ya sheria yenyewe, ni malipo ya saa za kawaida. Kuna kikwazo kingine tena: ovataimu ina kikomo cha saa 50 katika wiki 4, na lazima iwe kwa makubaliano. Saa 15 kwa wiki ni 60 kwa wiki 4, kwa hiyo hata bosi akilipa senti zote bado amekiuka. Dawa yake ni kupishanisha watu. Mmoja aingie saa 2 na kutoka saa 11 jioni, mwenzake aingie saa 4 na kutoka saa 1 usiku. Kila mmoja akipumzika saa moja, ana saa 8 kwa siku, 40 kwa siku tano, na kila mmoja anabakiwa na 5 za Jumamosi.

Mimi ni mlinzi wa geti. Naingia saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Nasikia walinzi sheria yao ni saa 12. Je, nina ovataimu? – Mlinzi, Uyole

Hakuna sheria ya saa 12 ya walinzi. Saa 12 ndiyo dari ya siku kwa kila mwajiriwa, na ndani yake saa za kawaida ni 9 tu. Tuifanye hesabu yako taratibu, maana walinzi ndio wanaopunjwa sana na ndio wasiohesabu.

Geti unalikalia peke yako, huwezi kuliacha ukapumzike, kwa hiyo saa zote 12 ni za kazi. Usiku tano za kwanza, kila zamu ina saa 9 za kawaida na 3 za ziada: jumla 45 za kawaida na 15 za ziada. Usiku wa sita wiki imeshajaa, hivyo saa zote 12 ni ovataimu. Jumla una saa 27 za ziada kwa wiki.

Juu ya hapo kuna malipo ya usiku. Kisheria usiku huanza saa 2 usiku na kuishia saa 12 asubuhi, na kila saa ndani ya muda huo huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kama saa hiyo ni ya ovataimu, asilimia 5 inatolewa kwenye kiwango cha ovataimu. Chukua mshahara wa 312,000. Saa moja ni 1,600, ya ziada ni 2,400. Nyongeza ya usiku ni 80 kwa saa ya kawaida na 120 kwa saa ya ziada.

Katika zamu ya kawaida, saa zako 9 za kwanza zinaishia saa 9 usiku, na ndani yake saa 7 ni za usiku. Tatu zinazofuata ni za usiku na za ziada. Kwa zamu tano: saa 35 mara 80 ni 2,800, na saa 15 mara 120 ni 1,800. Zamu ya sita ina saa 10 za usiku, zote za ziada, ni 1,200. Nyongeza ya usiku ni 5,800 kwa wiki. Ovataimu ni saa 27 mara 2,400, yaani 64,800. Jumla 70,600 kwa wiki; ukizidisha kwa 4.333 unapata kama 305,900 kwa mwezi. Huo ni karibu mshahara mwingine mzima.

Lakini ratiba hiyo yenyewe ni haramu. Saa 27 kwa wiki ni 108 kwa wiki 4, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha 50. Kampuni inayotaka zamu za saa 12 kihalali ina mlango huu: wiki iliyobanwa, kwa makubaliano ya maandishi. Hapo mfanyakazi anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwamo, bila ovataimu ya siku, mradi zisizidi siku 5, saa 45 za kawaida na saa 10 za ziada kwa wiki. Zamu 5 zenye saa moja ya mapumziko ya kweli ni saa 55, inatosha kabisa bila kubakiza hata dakika. Bila mtu wa kumpokea mlinzi akale, zamu tano zinakuwa saa 60 na mpango unavunjika, hivyo zamu nne kwa wiki, saa 48, ndizo salama.

Angalia pia mwenzako anapochelewa. Kati ya kutoka na kuingia tena inatakiwa mapumziko ya saa 12 mfululizo. Zamu ya saa 12 inaacha saa 12 kamili. Akikupokea saa 12 na nusu, umeshavuka dari ya siku, na jioni ukiingia kwa muda uleule umekosa nusu saa ya mapumziko yako. Andika muda aliofika.

Nashughulika na mizigo mpakani. Naanza saa 2 asubuhi Tunduma, namalizia Nakonde saa 11 jioni kwa saa ya huko. Msimamizi ananiandikia saa 9. Sahihi? – Wakala, Tunduma

Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa 11 jioni ya Nakonde ni saa 12 jioni ya Tunduma, kwa hiyo umekaa kazini saa 10. Sheria inahesabu muda uliopita tangu ulipoanza. Siku yenyewe inapimwa kama saa 24 tangu muda unaoanza kazi kwa kawaida, haijali ukuta wa ofisi gani una saa gani. Ukiondoa saa moja ya chakula unabaki na 9. Kwa siku sita ni 54 badala ya 48, na ovataimu yako ni 9, si 3. Kwenye mahudhurio andika muda wa Tanzania pande zote mbili, na uandike kwa namna moja: ama saa 2 asubuhi ama 08:00. Tumeshaona mikataba inayosema "saa 8 hadi saa 17", na mtu akaja kuambiwa kwamba zamu yake ilikuwa inaanza saa 8 mchana.

Tunachuma chai kwa kilo. Lori linatuchukua saa 11 alfajiri, shambani tunaanza saa 1, na jioni tunasubiri mizani hadi saa 11 na nusu. Mnyapara anasema mtu wa kilo hana saa za kazi. – Wachumaji, Mufindi

Mnyapara amechanganya mambo mawili. Kilo ni njia ya kupima malipo. Mipaka ya saa inamhusu anayelipwa kwa kilo sawasawa na anayelipwa kwa mwezi.

Foleni ya mizani ni kazi. Majani yako yako kwenye kikapu, huwezi kuyaacha, na bila kupimwa siku yako haina malipo. Mwajiri ndiye aliyeamua mizani ije saa ngapi na iwe moja au mbili. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 na nusu jioni ni saa 10 na nusu. Mkipata saa moja ya chakula zinabaki 9 na nusu, nusu saa ni ya ziada. Hiyo nusu saa ni ndogo mpaka uizidishe kwa siku sita na kuiongeza kwenye zile saa zinazovuka 45.

Safari ya lori ni suala jingine. Sheria haina kifungu kinachohesabu safari ya kutoka nyumbani hadi kazini, kwa hiyo hapo mkataba ndio unaosema. Aliye mwanachama wa chama cha wafanyakazi aulize kama mkataba wa hali bora wa shamba lao, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, unataja usafiri. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo, ndicho kinachojadiliana mambo kama haya. Ila kama asubuhi mnakusanyika kambini kwanza kupokea vikapu na kugawiwa maeneo, kazi imeanza pale kambini, kabla lori halijawashwa.

Mtu wa kilo anapataje kiwango cha saa? Sheria inachukua wastani wa mshahara wa msingi wa wiki 13 zilizotangulia, au wa muda wote aliofanya kazi kama haujafika wiki 13. Ukiwa umelipwa 1,170,000 kwa wiki 13, wastani ni 90,000 kwa wiki, sawa na 2,000 kwa saa, na ovataimu ni 3,000. Hapa kuna mtego wa majira. Wiki 13 zikiangukia miezi ya mvua, chai inachipua sana na wastani unakuwa mnono. Zikiangukia Juni hadi Agosti, baridi inapozuia majani, wastani unashuka. Hivyo tunza hati za mizani za mwaka mzima, usitupe za miezi mibaya wala mizuri.

Nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao. Vijana wanaomba tufanye saa nyingi Jumatatu hadi Alhamisi ili Ijumaa mchana waende makwao. Inaruhusiwa? Na umeme ukikatika, muda ule nauhesabuje? – Mwenye kiwanda, Mafinga

Inaruhusiwa, kwa ile wiki iliyobanwa tuliyomweleza mlinzi. Mpango unaokaa vizuri ni huu: Jumatatu hadi Alhamisi, saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni na saa moja ya chakula, ni saa 10 kwa siku. Ijumaa saa 1 hadi saa 6 mchana, saa 5. Jumla 45, siku tano, hakuna ovataimu. Ijumaa haidai hata mapumziko ya saa moja, kwa kuwa kazi haikuzidi saa 5.

Masharti ni maandishi. Karatasi moja inatosha: siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saa ya chakula, tarehe ya kuanza, na sahihi ya kila mfanyakazi mbele ya jina lake. Pasipo karatasi hiyo, saa ya kumi ya kila siku ni ovataimu, hata kama vijana wenyewe ndio walioomba. Waajiri wema ndio wanaonaswa hapa, kwa sababu walikubaliana kirafiki.

Umeme ukikatika, jiulize: umewaachia, au umewaambia wasikae mbali? Waliokaa juu ya magogo wakisubiri transfoma wako kazini. Kama unataka muda huo usihesabiwe, waruhusu waondoke kweli na uwape saa ya kurudi. Tuseme umeme umekatika saa 4 asubuhi, wamerudi saa 8 mchana, wakafanya kazi hadi saa 3 usiku na mapumziko ya saa moja katikati. Asubuhi walifanya saa 3, mchana hadi usiku saa 6, jumla 9. Mpaka kesho saa 1 asubuhi wana mapumziko ya saa 10 badala ya 12. Hilo linakubalika, kwa sababu mapumziko ya siku yanaweza kushushwa hadi saa 8 endapo kuna makubaliano ya maandishi na saa za kazi zilikatizwa kwa muda usiopungua saa 3. Kuanzia saa 2 usiku unaongeza ile asilimia 5.

Kisheria inapita. Kwa upande wetu, mtu aliyeamka saa 11 alfajiri hatungemweka mbele ya msumeno saa 2 usiku kwa ajili ya kufidia umeme. Mpe kupanga mbao au kunoa meno ya misumeno ya kesho.

Na neno "dharura" lisitumiwe ovyo. Ni kweli dari ya saa 12, mapumziko na siku ya kupumzika havizuii kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida. Moto kwenye rundo la mbao ni dharura. Oda kubwa ya mteja wa Dodoma si dharura.

Nimepewa cheo cha meneja wa zamu hotelini, ovataimu ikafutwa. – Iringa mjini

Cheo peke yake hakifuti kitu. Anayetoka nje ya vifungu vya saa za kazi ni yule anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na pia anaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukiwa na sharti moja bila jingine, bado umo. Kama unaripoti kwa meneja wa mapokezi, naye anaripoti kwa mkurugenzi, wewe ni mfanyakazi wa saa 45 mwenye beji nzuri.

Nina ujauzito wa miezi saba na niko zamu ya usiku. – Mhudumu, Iringa

Miezi miwili kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, mwajiri haruhusiwi kukupangia kazi ya usiku. Mapema zaidi ukipeleka cheti cha daktari kinachosema hufai kwa zamu hiyo. Marufuku hiyo inaendelea miezi miwili baada ya kujifungua, au zaidi kwa cheti. Likizo yako ya uzazi ni siku 84, na 100 ukijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Ukirudi kazini ukiwa unanyonyesha, unaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi kumnyonyesha mtoto. Peleka barua yenye tarehe ya matarajio sasa hivi, usisubiri ratiba ya mwezi ujao itoke.

Kwenye Nanenane tunasimamia banda uwanja wa John Mwakangale kuanzia tarehe 1 hadi 8. Malipo yakoje? Na mimi ni Msabato, naweza kukataa Jumamosi? – Mbeya

Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo kila saa unayofanya siku hiyo inalipwa mara mbili. Siku nyingine ni saa za kawaida hadi zinapovuka 9 au 45. Siku nane mfululizo zinameza siku yako ya mapumziko ya wiki, ambayo ni saa 24 angalau. Kufanya kazi ndani ya saa hizo kunahitaji ukubali mwenyewe, na malipo ni mara mbili.

Kuhusu Jumamosi: sheria haikutaja Jumapili wala Jumamosi, imetaja saa 24 kati ya wiki moja na nyingine. Omba kwa barua siku yako ya mapumziko iwe Jumamosi, na Ijumaa utoke kabla jua halijazama. Jumapili hadi Alhamisi kwa saa 8, na Ijumaa saa 5, inatimiza 45. Mwajiri akiona unaleta ratiba iliyokamilika, ni vigumu kudai kwamba kazi itaharibika. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi wa dini kazini.

Binti wa kazi anaishi kwangu. Anaamka saa 11 alfajiri, analala saa 4 usiku, ila mchana anapumzika. Saa zake nizihesabu vipi? – Mama wa Forest, Mbeya

Mama, asante kwa kuuliza. Mfanyakazi wa nyumbani ni mwajiriwa, mipaka yake ni ileile. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri ni saa 7. Anayeishi eneo la kazi anaweza kushushiwa mapumziko hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi, si chini ya hapo.

Mchana uhesabu kwa ukweli. Akibaki na mtoto mdogo, yuko kazini hata kama mtoto amelala. Ratiba inayowezekana: saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, saa 6 hadi saa 8 mchana, saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Ni saa 9, na usiku anapata saa 9 za kulala. Kwa siku tano zimeisha 45. Ya sita ni ovataimu.

Umri wake pia unahusika. Chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Chini ya 18 haruhusiwi kazi ya usiku, na usiku unaishia saa 12 asubuhi, kwa hiyo binti wa miaka 17 hawezi kupangiwa saa 11 alfajiri. Aliyetimiza 18 anapangiwa, na ile saa moja inaongezewa asilimia 5.

Nikitaka kudai ovataimu niliyonyimwa, naanzia wapi? – wasomaji wengi

Anza na daftari. Kila siku andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, muda wa mapumziko na aliyekuamuru ubaki. Hifadhi jumbe za simu za msimamizi, na piga picha ukurasa wa mahudhurio kila wiki. Kitabu cha mahudhurio kilichojazwa na mtu mmoja, kalamu moja, mwezi mzima saa 2:00 na saa 11:00 kamili, hakimshawishi mtu anayejua kazi, ila unahitaji kitu cha kukilinganisha nacho.

Tafuta mkataba wako. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi, saa za kazi zikiwamo, na kuyatunza hadi miaka 5 baada ya ajira kwisha. Akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake.

Kisha andika barua yenye hesabu, ukabidhi, na nakala isainiwe. Kimya kikiendelea una njia mbili. Ofisa Kazi wa mkoa anaweza kukagua na kutoa amri ya kutekeleza sheria. Njia hii inafaa mkiwa wengi na bado mko kazini. Nyingine ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu CMA F.1. Fomu unaijaza na kuisaini, nakala unampelekea mwajiri kwanza, na uthibitisho kwamba ameipokea unaambatanisha. Wengi hurudishwa kwa kukosa uthibitisho huo tu. Usuluhishi una siku 30, ukishindikana shauri linakwenda kwenye uamuzi.

Muda ndio unaoua madai mengi. Madai kama haya yafikishwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Kuachishwa kazi ni siku 30. Mtu anavumilia miaka miwili, anafukuzwa, ndipo anafungasha ovataimu yote pamoja na kuachishwa. Aliyechelewa anaomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F.2, na atatakiwa kueleza kuchelewa kwake kote. "Nilikuwa namwogopa bosi" haitoshi peke yake.

Mwisho, usijaze "nadai ovataimu" ukaacha hapo. Andika kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, saa ngapi, mara kiwango gani, jumla shilingi ngapi, na uambatanishe kurasa za daftari zenye tarehe hizohizo.